Nukta za Piko

Stakabadhi ilisema viti elfu kumi na mbili,
vya plastiki, buluu, vyenye migongo,
kila kimoja shilingi elfu sita na mia tisa;
meli mbali, bima mbali,
na dharura mbali, bila kusema dharura ya nini.
Ofisi ya ukaguzi ikanipa kofia ngumu ya manjano
na siku mbili.

Kutoka Makupa hadi langoni mabango yalikuwa yashatundikwa:
MGENI NJOO, MWENYEJI APONE.

Siku ya kwanza, upande wa magharibi.
Mhandisi Shalli akinifuata na mwavuli
kana kwamba mimi ndiye biharusi.
"Dada, utaungua bure. Hesabu safu moja, uzidishe."
Kuzidisha nilifunzwa shuleni.
Kuhesabu nilifunzwa na mamangu, muuza viazi karai pale Mwembe Tayari:
kimoja kimoja, kwa kidole,
jicho likiwa usoni mwa mnunuzi.
Elfu sita. Hakikupungua, hakikuzidi.
Na mimi, miaka kumi na tisa katika kazi hii,
sijaona mali ya umma ikitimia hivyo.

Halafu, safu ya K, kiti kikacheza.
Nikainama. Nati nne zilitakiwa;
ilikuwapo moja, imelegea kama jino la mtoto.

Mkobani nilikuwa na pakiti ya piko
ya harusi ya mdogo wangu Nuswaiba.
Shalli aliposogea kando kupokea simu
nikaikoroga kwenye kifuniko cha chupa ya maji,
nikachovya njiti ya kibiriti,
nikaanza kuvipamba viti kwa chini,
nukta moja moja, pale pasipotazamwa:
arobaini na kimoja, kabla simu haijakatika.

Siku ya pili, upande wa mashariki.
Mwavuli ule ule. Elfu sita nyingine, buluu ile ile.
Nikapitisha kiganja chini ya kiti, nikachungulia.
Nukta.
Cha pili, nukta.
Nilipofika ishirini na tisa niliacha kuhesabu,
jambo ambalo sijawahi kulifanya popote.

Fundi Randu alikuwa amekaa ngazini, viganja malengelenge matupu.
Hakuniangalia.
"Mia tano kwa usiku," alisema, "na chai. Kuhamisha tu.
Mie nina watoto, usiniandike."
Sikumwandika.
Hilo nalo ni pengo katika ripoti yangu,
nalihesabu.

Kurasa sitini na tatu. Picha za nukta, zimekuzwa.
Zikagongwa muhuri: IMEPOKELEWA.
Kisha bosi wangu akaniuliza, kwa upole,
kama naupenda mji huu,
na kama nataka wageni watuone uchi.
Nikamwambia, aliyevua nguo si mimi.
Nikahamishiwa kitengo cha maegesho.

Siku ya ufunguzi kamera zote zilielekezwa mashariki.
Buluu tupu, ikimeremeta, penye urembo.
Urimbo ulikuwa upande wetu.
Nilikuwa magharibi, nimenunua tiketi kwa pesa zangu,
mama mmoja akanishika mkono:
Kadzo, katoka Mazeras na alfajiri,
mwanawe ni mmoja wa waokota mipira.
Tiketi yake, safu ya M, kiti mia mbili na kumi na mbili.
"Hakiko mbali?" akauliza.

Nikamwonyesha saruji.
Namba ilikuwapo, imepakwa rangi vizuri kabisa.
Hakulalamika. Alitandika leso, akakaa
juu ya shilingi elfu sita na mia tisa.
Leso ile ilikuwa na jina. Sikuwahi kulisoma;
alishalikalia.